Viatu vya Kumpeleka Ramla

"Simamisha! Papa Twahiru, simamisha!"

Gari liliruka, likainamisha pua, likazimika katikati ya lami ya mtaa wa Himbi. Lévi, mwenye gari, alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Lilikuwa gari jekundu la michezo, la viti viwili, fupi hata mbuzi angeweza kuliruka. Twahiru, aliyeendesha lori la Lévi huyu huyu kati ya Goma na Kiwanja kwa miaka ishirini na miwili bila kuangusha hata gunia moja la maharagwe, alijitazama miguuni kwa aibu.

"Niliahidi utamupeleka mutoto wako na hii gari," Lévi alisema. "Lakini ukiirusha tena vile, nitapatia ufunguo chauffeur mwingine. Rudi saa nane, tutaona."

Dereva mwingine! Ampeleke binti yake Ramla ukumbini leo, siku ya harusi yake, na baba mtu abanwe nyuma kwenye basi la mashangazi?

Kosa halikuwa la mguu, lilikuwa la kiatu. Goma mtu hanunui viatu vipya akavivaa hivi hivi. Anapita kwanza kwa fundi apigiliwe soli ya pili ya mpira wa gari, maana mawe ya volkano hayana huruma na ngozi. Viatu vyake vyeusi vya harusi navyo vilikuwa vimepigiliwa. Ndani ya lori, soli ile ni neema. Katika gari hili dogo pedali zimebanana kama ndugu kwenye kitanda kimoja: ukikanyaga mafuta, ukingo wa mpira unagonga breki.

Alipanda pikipiki hadi mtaa wa Katoyi, kwa fundi wake Zihindula.

"Toa hizi semele," alisema, akimwonyesha soli za mpira.

"Zile nilipiga juzi?" Zihindula alikasirika waziwazi. "Batu batasema sijue kazi!"

"Toa. Nataka mguu usikie gari."

"Na ku mawe utatembea namna gani, muzee?"

"Leo sitembei. Leo naendesha."

Zihindula alicheka hasira ikiwa bado usoni, akashika koleo. Aling'oa mpira, akachonga kingo kwa kisu, akapunguza kisigino. Twahiru alivivaa, akakanyaga sakafu ya kibanda polepole, mara vidole, mara kisigino, akahisi hata msumari ulioanguka.

"Hapa," alisema. "Hapa sawasawa."

Saa nane gari liliondoka pasipo mtikisiko, Ramla ameketi kando ya baba yake. Lévi alibaki kando ya barabara akipiga makofi, akiita, "Kabisa, muzee! Kabisa!" Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alisifiwa na mguu wake haukutetereka. Alijivuna, na kwa nini asijivune? Nyuma, msafara wa harusi ulipiga honi bila kupumzika.

"Papa," alisema Ramla, ambaye kwa siku tatu za hina na wageni hakupata usingizi, "hii gari unaibeba tu."

Walipokaribia ukumbi, Twahiru aligeuza macho. Bibi harusi alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo. Mlangoni wanawake walikuwa wameshaanza vigelegele, na shemeji mmoja alimpungia mkono aegeshe.

Twahiru aligusa mafuta kwa ncha ya kidole gumba, akaupita mlango bila kusimama wala kumwamsha, akashika njia ya ziwani, na msafara mzima ukamfuata.