Puto Lililotiwa Sahihi

Kipanga alidanganya kwa maneno mawili tu, akatia na sahihi. Halafu akaenda kunywa chai! Hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo.

Alikuwa rubani wa ndege za kivita, miaka kumi na tisa hewani. Jumatatu, saa nne asubuhi, anga jeupe halina hata wingu, yeye na mwenzake wa kiti cha nyuma walikikuta kitu mbele yao. Cheusi, cha mviringo, hakina bawa wala moshi. Walipokata kushoto, nacho kikaenda kushoto. Walipopanda kikapanda, taratibu, kama mwenyeji anayemsindikiza mgeni. Rada haikuonyesha chochote.

"Umekiona?" Kipanga aliuliza.

"Mimi? Sijaona kitu." Mwenzake alisema hivyo huku akikikodolea macho.

Pale kikosini mchezo ulijulikana. Fomu ya baada ya safari ilikuwa na mstari wa mwisho: vitu vilivyoonekana angani. Ukiandika "sijui" unapelekwa kwa daktari wa akili, na aliyepitia kwa huyo hajawahi kuruhusiwa kuruka tena. Anamalizia utumishi wake stoo, akikunja mablanketi. Kwa hiyo wote waliandika kitu kimoja, na Kipanga naye akaandika: puto kubwa.

Kesho yake mkuu wa kikosi aliingia chumba cha marubani na ile fomu mkononi. Alikuwa na wiki mbili tu pale, mchezo hakuujua.

"Puto liko kwenye njia ya ndege za abiria," alisema. "Litunguliwe leo. Kicheko, utakwenda wewe, peke yako."

Kicheko alikuwa shemeji yake Kipanga, mdogo wa mwisho wa mkewe. Ni Kipanga mwenyewe aliyemshawishi aingie jeshini, akamwapia dada yake kwamba atamtunza.

"Yaani shemeji umeniachia maputo?" Kicheko alisema. "Kwani leo nani anazaliwa?"

Chumba kizima kikacheka, na Kipanga akacheka. Alimtupia jicho mwenzake wa kiti cha nyuma. Yule akainama kufunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa. Sema, Kipanga alijiambia. Sema sasa hivi! Akaliona akilini lile rundo la mablanketi ya stoo, akaghairi.

"Usilisogelee sana," ndiyo yote aliyoweza.

"Puto? Shemeji, umezeeka."

Ndege iliporuka, alishindwa kukaa. Alipanda ngazi za mnara wa kuongozea ndege mbiombio, akampokonya mwongozaji kipaza sauti cha redio.

"Kicheko, geuza! Si puto! Nilidanganya, sijui ni nini. Rudi!"

Kila mtu mnarani alimsikia, mkuu akiwa mmoja wao. Kazi ndiyo imekwisha hivyo, na wala hakujali.

"Nimeshageuza, shemeji." Kicheko hakuwa anacheka. "Mara tatu. Kila nikigeuka, kiko mbele yangu."

"Shuka chini!"

"Nashuka. Nacho kinashuka. Shemeji, kimekuwa kikubwa, sioni tena..."

Redio ikanyamaza. Kidoa cha ndege yake kilitoweka kwenye rada. Helikopta zilizunguka hadi alasiri, anga likiwa jeupe vilevile, na hazikukuta hata kipande cha bati.

Mkuu akamwekea Kipanga fomu mpya. Safari hii aliandika yote, ukurasa mzima. Mkuu alisoma, akachukua kalamu, akakata mstari baada ya mstari, kisha akaandika juu yake: hitilafu ya injini.

"Wewe daktari anakusubiri," alisema.

Simu ya Kipanga ikaita. Alikuwa mkewe, na nyuma yake vyombo vya jikoni vikigongana.

"Baba watoto, huyo mdogo wangu aliahidi kuja kula mchana, mpaka sasa kimya. Chakula kimepoa. Yuko wapi?"

"Sijui," Kipanga alisema.