Vichupa Sitini vya Paka

Mwezi wa Mei mdogo wangu Fermina Huillca alisimama mbele ya mkutano wa kijiji chetu cha Chillcapata, karatasi mkononi, akasema kwamba katika mlima wa Qolqeri hakuna tena puma hata mmoja. Mwezi wa Agosti nikachuna ngozi za alpaka wangu wanne, mifugo yetu ya sufi, walioraruliwa shingo. Majirani wakachuna saba. Kumi na mmoja ndani ya wiki mbili. Sasa mtu aniambie, hao waliuawa na mafua?

Nilikuwa na hasira na sikuificha. Mimi Eulogia nikikasirika hata lama wananipisha njia.

Lakini nimweleze kwanza huyu Fermina, maana watu wakimwona mwanamke mfupi mwenye buti za matope hudhani ni mpishi wa wapanda milima. Tulizaliwa kibanda kimoja. Mimi nilibaki na mifugo, yeye akapelekwa shule ya bweni kwa sababu alimchosha baba kwa maswali. Chuo kikuu, kule Arequipa, alikaa miaka saba na hamira. Ndiyo, hamira hii ya mkate! Alikuwa akichungulia ndani ya chembe yake moja aone ni nini kinachoiamuru igawanyike. Aliporudi na udaktari, mama mkwe wangu akamfuata na jino bovu.

"Hutibu meno? Daktari wa nini basi wewe?"

"Wa hamira, mama."

Tulicheka wiki nzima. Yeye naye alicheka, kisha akarudi kwenye hamira yake.

Baadaye akaenda ng'ambo, akajiunga na wenzake waliokuwa wakisoma vinasaba vya alpaka kuanzia mwanzo mpaka mwisho, herufi kwa herufi, kujua kila alichorithi kutoka kwa mama na baba. Miaka kumi na zaidi. Halafu akiwa na miaka arobaini na minane, wenzake wakigombea vyeo na viti vya kuzunguka, akasema anarudi nyumbani kuhesabu wanyama wa mlimani bila kuwaona, kwa kutumia mavi yao. Alisema kila mnyama huacha vinasaba vyake humo, na mtu akijua kuvisoma atajua ni mnyama gani, dume au jike, na ni yuleyule wa jana au mwingine.

"Miaka thelathini ya shule ili aje kuokota mavi," mume wangu Hilario alisema. "Sisi tunaokota kila asubuhi tuwashe moto, na hakuna aliyetupa cheti."

Fermina hakujali. Akishika jambo ameshika; ukimfungia mlango atapanda paa. Alitugawia wachungaji sita vichupa vyenye dawa ya kuhifadhi. Ukiona kinyesi cha mnyama wa mwitu, tia kipande, andika pembeni ni cha nani na umekiokota lini. Miaka minne tukaokota, kwenye theluji na kwenye upepo unaong'oa masikio. Yeye akapeleka vichupa kwenye maabara mjini Cusco, akaandika makala, makala ikachapishwa ng'ambo, akaja kutusomea kwamba puma amekwisha.

Ndiyo maana alipokuja tena Agosti hakuna aliyemsikiliza. Casimiro Ttito, mwenyekiti wetu, alikuwa ameshaitisha mkutano wa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Hoja ilikuwa moja: kutia sumu kwenye mizoga na kuitawanya Qolqeri nzima. Mimi ndiye niliyeitoa hoja hiyo. Nasema ili ijulikane.

Fermina alifika zizini kwangu Ijumaa asubuhi, pumzi zikimtoka.

"Dada, mizoga umeichoma?"

"Bado. Unataka kuisomea karatasi?"

"Nataka majeraha. Aliyeuma ameacha mate."

"Aliyeuma ni puma ambaye hayupo. Wewe si ulisema hayupo? Basi pangusa mate ya mzimu."

Alipiga magoti kwenye barafu, akapangusa kila tundu la jino kwa pamba kwenye kijiti, mnyama kwa mnyama, wangu na wa majirani, vidole vikiwa vya bluu. Kisha akapita nyumba kwa nyumba akiwasugua mbwa wote wa kijiji ndani ya mashavu, kila mmoja kwa pamba yake mpya. Watu walitoka nje kutazama.

"Anawapigisha mswaki!" Casimiro akapiga kelele. "Daktari, ukimaliza na wa kwangu, kuna mjomba wangu hajapiga tangu Krismasi!"

Alirudi kwangu kupata supu ya viazi vikavu, nami nikamwekea bakuli bila kumtazama. Akaanza kunieleza kuhusu sumu. Kwamba haichagui. Akifa puma, atakufa na mbweha, atakufa na ndege kondori atakayeshuka kwenye mzoga, na theluji ikiyeyuka sumu itatelemka hadi kwenye kijito tunachochotea. Kwamba ameisoma damu ya mlima huu kwa miaka minne na hatakaa aone ikimwagwa kwa hasira ya wiki moja.

Hapo nikalipuka.

"Umeisoma? Umesoma nini wewe? Vidole vyangu viliganda nikikuokotea! Sisi sita tumekupa vichupa sitini vya paka, sitini, Fermina! Halafu unasimama mbele za watu unasema hayupo!"

Akaacha kijiko hewani. "Vichupa vya nini?"

"Vya paka!"

"Paka gani? Dada, hapa paka hawaishi. Yule wa mama aliganda mlangoni tukiwa watoto."

Nikamtazama. Akanitazama. Rangi ikamtoka usoni.

Kwetu ukiwa malishoni humtaji puma kwa jina. Ukimtaja umemwita. Wanyama wote wa mwitu ni mifugo ya Apu, mwenye mlima: vikunya ni lama wake, mbweha ni mbwa wake, na puma ni paka wake. Sisi sita tuliandika malishoni, tumechuchumaa juu ya mavi yenyewe, yeye pengine akitutazama kutoka kwenye miamba. Nani angethubutu kuandika jina lake? Tuliandika paka. Tuliandika mbwa.

"Niliwaambia maabara waviweke kando vya mifugo ya nyumbani," Fermina alisema taratibu. "Tusipoteze dawa ya kupimia. Orodha nilipitisha mimi. Niliona neno paka mara sitini, Eulogia. Sitini! Nikatia sahihi."

"Si umezaliwa hapa?"

"Ndiyo."

"Si mama alikuchapa siku ile ulipomtaja malishoni?"

"Alinichapa." Akajifunika uso kwa kofia yake ya sufi akalia, kilio cha hasira, mabega yakiruka. Mimi nililia pia, lakini mimi hulia kwa mdomo, nikimtukana. Nilimwambia mkataa kwao mtumwa, na neno hilo bado linaniuma kwa sababu hakuwa amekataa kwao. Alikuwa amesahau tu, kama mtu anavyosahau mahali alipoweka sindano akiwa ameishika mkononi.

Hakumaliza supu. Akapanda lori la kwanza lililokuwa likishuka na sufi, amekaa juu ya magunia, sanduku la pamba mapajani. Zilibaki siku nane.

Aliniambia baadaye kwamba alivitoa vile vichupa chini kabisa ya friza akiwa peke yake, akavipima vyote sitini, pamoja na mate, pamoja na mbwa. Aliikuta barua kutoka ng'ambo ikimwalika kwenda kupokea nishani kwa ile makala. Akaijibu siku hiyohiyo: makala ina kosa, kosa ni langu, naomba iondolewe. Mkuu wake alimpigia simu kumsihi asubiri kidogo, wapate namna nzuri ya kulisema. Akamwambia namna nzuri ni kulisema.

Jumamosi alfajiri alikuwa mlangoni kwangu. Hakuketi.

"Nimekuja kwako kwanza," alisema. "Wako watano. Jike mmoja mkubwa, watoto wake wawili, na madume wawili wanaopita. Katika alpaka kumi na mmoja, wawili wameliwa na yule jike."

"Na tisa?"

"Mbwa. Mbwa wawili, walewale kila mara."

Nilijua kabla hajamaliza. Mtu hujua. Mbwa wangu, Kapitani na Wayra, walikuwa wamelala kizingitini, na tangu wiki mbili hizo walikuwa hawagusi makombo ninayowatupia. Mimi nilidhani wanaumwa.

"Sitataja jina," Fermina akasema. "Nitasema idadi. Lakini nikiulizwa ni wa nani, dada, sitadanganya. Nimeshasema uongo mmoja mbele ya watu hawa, hata kama sikuujua. Wa pili siwezi."

"Unajua sheria ya mbwa aliyeonja alpaka."

"Najua."

"Kapitani nimemlea kwa maziwa ya chupa."

"Najua, Eulogia." Wala hakutazama chini. Nilimchukia wakati ule, na nilimheshimu kuliko mtu yeyote ninayemjua, vyote viwili kwa pamoja, navyo havikupigana.

Ukumbi ulijaa. Majani ya koka yakapitishwa, tukatafuna. Fermina akasimama.

"Mwezi wa Mei niliwaambia puma hayupo. Nilikosea. Mliniandikia jina lake kwa adabu, nami nikalisoma kama mgeni. Yupo. Wako watano."

Ukumbi ukavuma. "Watano!" "Leteni sumu leo!" Casimiro akagonga meza kwa kiatu.

"Daktari, Mei hakuna hata mmoja, Agosti watano. Krismasi utatuletea mia? Tukuamini kwa lipi?"

"Msiniamini mimi. Vichupa viko mjini, chagueni watu wawili mnaowaamini, waje vipimwe mbele yao." Akasubiri kelele zishuke. "Na mate ya kwenye majeraha nimepima. Puma ameua wawili. Tisa wameuawa na mbwa wa hapa kijijini."

Mtu mmoja akacheka, kicheko kikakatika chenyewe, maana kila mtu alikuwa anawaza mbwa wake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Casimiro akasema, safari hii bila mzaha. "Mbwa wa nani?"

Fermina alifungua kinywa. Watu wote walikuwa wakimtazama yeye, na mimi nikaona wazi litakalotokea: akinitaja, kuna watakaosema amemtoa dada yake kafara ili kusafisha jina lake, na sumu itapita tu. Asiponitaja, ni mwongo, na sumu itapita. Miaka yote ile, hamira na alpaka na mavi, ilikuwa imening'inia kwenye mdomo wake, nami nilikuwa nimekaa benchi la tatu nikitafuna majani.

Nikasimama.

"Wangu," nikasema. "Kapitani na Wayra. Hoja ya sumu niliileta mimi, sasa naiondoa. Watano kati ya hao tisa ni wenu. Nitawalipa kwa wanyama walio hai, majike, mje mchague wenyewe."

Hakuna aliyecheka. Basilia, jirani yangu aliyepoteza watatu, akasema kwamba atachagua mmoja, wengine nibaki nao nizalishe. Wakapiga kura kwa mikono. Thelathini na mmoja walikataa sumu, ishirini na wanne waliitaka. Hilario wangu alikuwa miongoni mwa hao ishirini na wanne, mjinga yule, hakuwa amefuatilia.

Tulipanda nyumbani mchana, mimi na Fermina. Mbwa walitukimbilia kwenye kona ya zizi, Wayra akarukaruka, Kapitani akaweka pua mkononi mwangu kama kawaida yake. Sheria inasema mbwa aliyeonja alpaka auawe, mwenye mbwa ndiye afanye, na ifanyike siku hiyohiyo. Nikatoa kamba mbili ghalani.

Fermina alikuwa amesimama, machozi yakimtiririka, hata hayafuti. "Dada, nilaumu mimi," akasema. "Tafadhali. Nilaumu tu."

"Nikulaumu kwa lipi? Umesema kweli." Nikamrushia kamba moja. "Mshike Wayra. Kapitani ni wangu."