Upepo wa Gurudumu la Nyuma

Kila alfajiri, akishamaliza sala, mama alipita sebuleni, akaweka dole gumba juu ya tairi la nyuma la baiskeli ya marehemu mumewe, akalibonyeza. Likiwa gumu, moyo ulitulia. Upepo ule aliujaza mumewe mwenyewe, amechuchumaa kando ya barabara kuu. Alikuwa amepata pancha, ameziba, amejaza, anafungafunga pampu, ndipo lori likamfuata hukohuko pembeni. Baiskeli ilirudi nyumbani bila mkwaruzo. Mwenyewe hakurudi.

Sasa binti yao amechaguliwa kukimbia mashindano, na baiskeli ya kuazima imemchosha. Wakaikokota ya baba hadi kwa fundi, rafiki wa marehemu. Binti akataka matairi yasiyo na tyubu, yale ya kutiwa gundi ya maji ndani, msumari ukitoboa tundu linajiziba huku unakanyaga pedali. Mama akakataa. Gundi hiyo hukauka, lazima iongezwe kila baada ya miezi michache. Tairi likichanika sana haifui dafu. Kiraka ni kazi ndogo. Yote yalikuwa kweli, lakini siyo yaliyokuwa moyoni mwake.

"Mama," binti akasema taratibu, "mimi sitaki kuchuchumaa pale alipochuchumaa baba."

Mama akaligusa tairi la nyuma. Kisha akamwomba fundi abadilishe la mbele tu, la nyuma aliache.

"Shemeji, unataka avae kiatu mguu mmoja na ndala mwingine?" Fundi akacheka, akalibonyeza la nyuma. "Tena huu upepo si wa zamani. Tyubu hata isipotoboka hupungua yenyewe, mwezi haufiki. Kuna mtu anaujaza."

Binti akainamisha kichwa. Alilikuta limelala siku chache tu baada ya mazishi, akaogopa kidole cha mama kitakapofika pale. Tangu hapo alikuwa akilijaza mama anapokwenda ibadani.

Mama alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Alichuchumaa, akafungua kifuniko cha valvu, akabonyeza. Upepo ukamtoka vidoleni kwa mluzi mwembamba, wa baridi, unanuka mpira. Fundi akageukia ukutani kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Kulipokuwa kimya, mama akasema, "Toa."

Tyubu ikatolewa. Kiraka kilikuwa pale, cha mviringo, kingo zimekandamizwa vizuri kama mumewe alivyozoea. Akaikunja tyubu, akaifunga ndani ya mtandio wake.

Alfajiri iliyofuata alipita sebuleni, na kidole kikajiendea chenyewe. Tairi jipya lilikuwa gumu. Halikumwambia kitu. Chumbani kulisikika binti akivaa viatu vya mazoezi, akijitahidi asipige kelele. Mama akarudi, akapiga magoti, akaianza sala upya, na safari hii akaanza kwa jina la mtoto.