Mtoto Aliyeachwa Njiani

Mbeyu anapitiwa na usingizi mchana, ameegemea mwamba kwenye mdomo wa pango, wenzake wakiwa ndani wanafagia udongo kwa brashi kuzunguka mifupa ya mtoto wa kale waliyoipata asubuhi. Tangu amzike mwanawe Ngala, wakati wa masika, hajadondosha chozi. Anafumba macho, na mwamba nyuma yake unalegea kama pazia, unampisha.

Ng'ambo kuna njia isiyo na mwisho, na watu wanatembea, wazee kwa vijana, wanawake wenye mizigo, wote wanaelekea kaskazini, na kila Mbeyu akigeuka njia nayo inageuka, kilima kinakuwa bonde, bonde linakuwa ufuo. Kando yake anatembea mtu asiye na uso. Mnakwenda wapi? anamuuliza. Tunakwenda kwetu, anajibu asiye na uso, ila kwetu bado hakujakuwapo. Na mtapumzika lini? Waliopumzika ndio hao mnaowachimba. Mbele yao mwanamke amepiga magoti penye shimo dogo. Amemlaza mwanawe ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, kichwa juu ya mto wa majani, na mwenyewe hainuki. Maji yamekauka, wenzake wanamwita, twende, walio hai wana kiu. Mwanamke anamtazama Mbeyu. Dada, nikienda mimi, nani atakaa naye? Mbeyu anataka kumwambia kwamba kizazi cha watu hawa kitavuka majangwa na kuijaza dunia, lakini maneno hayo, aliyoyafundisha miaka mingi darasani, yanamkaukia mdomoni. Nitakaa mimi, anasema. Wanafukia pamoja, konzi kwa konzi. Kisha mwanamke anaondoka bila kugeuka, na kilio chake kinabaki nyuma, kinaingia kifuani mwa Mbeyu, kinatoka kwa sauti ya Mbeyu.

Mbeyu, dada, una nini? Ni Changawa, mchimbaji mwenzake, amemshika mabega. Uso wa Mbeyu umelowa. Amelala wapi? anauliza. Nani? Mtoto. Changawa anasita, hajui anaulizwa mtoto yupi. Yumo ndani, anasema polepole, tumemfunika turubai. Mbeyu anaingia, anaketi kando ya shimo, analia hadi jua linapoinama. Nje wanaanza kumwita, twende, twende mama, na sauti ni nyingi kuliko watu aliokuja nao, wala hajui kama ni za wachimbaji au za wale wa njiani. Tangulieni, anawajibu. Mimi nimeahidi kukaa.