Ripoti Aliyosaini Hénock

Hénock alitoka Lubumbashi na shahada ya uhandisi, na kwa miaka kumi na mmoja amekuwa Johannesburg akibuni magari ya mashindano marefu, yale ya kukimbia saa tisa mfululizo. Wiki mbili kabla ya mashindano ya mwaka jana, alipima mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Ukapasuka. Akapima mwingine, nao ukapasuka.

“Hautamaliza mbio,” alimwambia bosi wake. “Nimechora mnene zaidi.”

“Eish, Hénock. Kuutengeneza ni mwezi mzima. Tunakimbia hivyo hivyo.”

Katika saa ya saba ya mbio mkono ulikatika kwenye kona. Dereva alikuwa Najma, binti wa wazazi waliotoka Tanga, aliyezaliwa huku huku Johannesburg. Gari liligonga ukuta, likamvunja nyonga na mguu.

Siku ya nne baada ya ajali bosi alimwita Hénock ofisini. Mezani palikuwa na ripoti: gari halikuwa na kasoro, dereva aliingia kona kwa kasi mno. Kando yake palikuwa na barua ya kumwombea Hénock kibali kipya cha kazi. Cha zamani kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi.

“Saini yako hapa, yangu pale,” bosi alisema.

Hénock alimfikiria mkewe Célestine na saluni yake ya chumba kimoja kule mtaa wa Bellevue, na watoto wao wasiojua kwao kwingine. Akasaini.

Jumapili alikwenda hospitali.

“Kaka Hénock,” Najma alisema, “gari lile unalijua wewe. Niambie kweli. Nilikosea?”

Hénock aliangalia vyuma vilivyopenya mguuni mwake. “Kona ile ni ngumu, dada.”

Najma alilia. Kisha akamwomba msamaha kwa kumharibia gari.

“Umemwambia?” Célestine aliuliza aliporudi nyumbani.

“Hapana.”

Célestine hakuuliza tena.

Najma alifutiwa leseni ya mbio. Siku hizi anauza mapazia dukani kwa baba yake, mtaa wa Fordsburg, anatembea kwa kuchechemea. Hénock alipewa cheo cha mbunifu mkuu, na mwaka huu gari lake, lenye ule mkono mnene, limeshinda. Mchungaji alimsimamisha kanisani, waumini wakampigia makofi na vigelegele. Célestine alikuwa ameketi pembeni yake, mikono mapajani, akitazama mbele.