Kufuli la Nje

Nyamasaria, nyuma ya kinu cha kusaga unga, kulikuwa na nyumba moja ambayo mlango wake haukujua kufungwa. Nyumba ya Mwalimu Waithera. Ukipita saa nane umechoka, chai ipo. Ukipita saa kumi na habari yako, kiti kipo. Na kama huna habari utapewa, tena ya moto: nani kaachwa, nani kahamia Mamboleo usiku bila kuaga, nani kaonekana kanisani na gauni la nani. Watu wa ploti, wapangaji wenzake, walisema huyu nyar Kikuyu, binti wa Kikuyu, kwa kupenda wageni amewashinda wenyeji.

Ualimu wenyewe ulikuwa wa heshima tu, maana karatasi hakuwa nayo. Miaka tisa alikuwa ameshika watoto wa beibi klasi katika shule ndogo ya Madam Satwant, akiwafundisha kuimba, kuhesabu na kufuta kamasi. Yeye mwenyewe aliishia kidato cha tatu. Chuo cha walimu hakikumtaka bila gredi ya kidato cha nne, kwa hiyo alijiandikisha kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka wa kwanza hakufika kwenye chumba cha mtihani. Mwaka wa pili alifika, akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri wa kupigiwa mfano, na Hisabati ikamrudisha nyumbani na E.

Mwezi wa saba Madam Satwant akamwita ofisini. Mama wa Kisingasinga, mzaliwa wa Kisumu hii hii, maneno yake mafupi.

"Waithera, mimi sikufukuzi. Lakini inspekta akija nitamwonyesha nini, uso wako? Januari uniletee gredi, nikupeleke chuo siku za likizo. Ukikosa, darasa nampa Wangui. Yeye ana cheti. Wewe utaingia jikoni."

"Jikoni, Madam?"

"Tangu nimwondoe yule Dorca, hakuna mpishi anakaa. Chagua."

Jina la Dorca lilipotajwa Waithera akatazama sakafu. Alikuwa na sababu, nayo tutaifikia.

Alitoka pale ameapa. Akanunua daftari tatu, akazijalidi kwa gazeti. Akachora ratiba, Hisabati kwa kalamu nyekundu, Baiolojia kwa kijani. Ratiba ikawa nzuri mpaka akaita watu waje waione, na walipokuja kuiona, je, waondoke bila chai? Siku ya pili alitaka kuanza logi za Hisabati, akakumbuka vyombo. Siku ya tatu alifungua kitabu ukurasa wa kwanza, akasikia vicheko nje, akasema ngoja nijue tu wanacheka nini. Wiki mbili zikayeyuka hivyo.

Jirani yake Maximilla alikuwa akikaanga mgongo wazi mlangoni pake, yale mabaki ya samaki mbuta yenye mifupa mingi kuliko nyama, karai lake halizidi hatua nne kutoka kwa Waithera. Ndiye aliyempa dawa.

"Mwalimu, tatizo lako ni mlango. Nipe kufuli lako. Ukirudi kutoka shule unaingia, mimi nakufungia kwa nje. Mtu akija ataona kufuli, ataenda zake. Saa kumi na moja nakufungulia."

"Na nyumba ikishika moto?"

"Utapiga kelele. Si ndiyo kazi unayoijua?"

Basi ikawa hivyo. Pale kwenye ploti kufuli likining'inia nje, mwenyewe ametoka. Hakuna anayebisha wala kuuliza mara mbili. Maximilla alifunga ufunguo kwenye pindo la leso, na kila mteja aliyeuliza akajibiwa, "Ametoka, yawa. Sijui ameenda wapi."

Usidhani alisoma. Siku za mwanzo alikaa nyuma ya mlango kama paka anayenusa samaki. Aliwajua kwa nyayo. Alijua nani kanunua na nani kaomba kichwa cha bure. Mara mbili alikaribia kujibu swali aliloulizwa mtu mwingine, akajiziba mdomo kwa daftari.

Siku ya tisa alikuja Dorca.

Dorca alikuwa mtu wa Port Victoria, mrefu, mpole, na kwa miaka sita ndiye aliyepika uji wa watoto katika shule ya Madam. Tangu aondolewe alikuwa akifua nguo za watu, mikono imechubuka kwa sabuni. Alisimama mbele ya kufuli.

"Rafiki yangu yuko wapi?"

"Ametoka," Maximilla akasema. Halafu, ndani ya giza lake, Waithera akasikia kigoda kikivutwa. "Kaa kidogo. Wanasema safari hii anasoma kweli."

Dorca akacheka, kicheko cha kuchoka. "Asome. Mwaka ule wa kwanza kila mtu hapa alisema ni mimi nilimzuia, ati mazishi ya shemeji yangu. Max, nilimwambia kwa mdomo wangu huu. Mwalimu, baki, ufanye mtihani, marehemu hatakasirika. Unajua alifanya nini? Alipanda gari kabla yangu! Akashika kiti cha dirishani! Na kufika Port Victoria, jina la marehemu hakulijua, lakini alimlilia mpaka mjane akaanza kumtazama vibaya."

Maximilla alicheka mpaka mafuta yakasahaulika. Waithera naye, Mungu amsamehe, tabasamu lilimponyoka. Kisha Dorca akashusha sauti.

"Mimi hilo silijali. Kinachoniuma ni kazi yangu. Mpaka leo sijui nilimkosea nini yule Madam. Aliniita tu akaniambia hataki mpishi anayeharibu walimu wake. Nimeharibu nani, Max? Kwa uji?"

"Na hujawahi kumuuliza Mwalimu? Yeye si anaingia ofisini kila siku?"

"Nilimuuliza. Akasema hajui."

Waithera alikuwa anajua. Aliposhindwa kufika kwenye mtihani, Madam alitaka sababu, na ulimi wake uliozoea kuhudumia wageni ulimpa Madam sababu kama unavyompa mtu kikombe: ni Dorca, Madam, alinilazimisha, alisema nisipokwenda urafiki umekwisha. Alidhani maneno yale yangekwisha pale pale ofisini. Wiki iliyofuata jiko likawa halina mtu. Akasema, nitamwendea Madam Jumatatu nimweleze vizuri. Jumatatu hiyo ilikuwa bado haijafika.

Alisimama, mkono juu ya mlango. Angeweza kubisha. Angeita tu, "Dorca, niko humu," na Maximilla angefungua. Lakini atatokaje kwenye nyumba iliyofungwa, aonekane alikuwa anasikiliza? Nitamwambia Jumapili, akajisemea, tukitoka kanisani.

Saa kumi na moja kufuli likalia. Maximilla akasimama mlangoni akifuta mikono, akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Umesoma leo?"

"Nimesoma."

"Haya. Mimi nilidhani karibu na mlango hakusomeki."

Akarudi kwenye karai lake. Waithera hakujua kama alifanyiwa wema au ukatili, na hakuuliza.

Lakini kuanzia siku ile alisoma. Watu wengine husukumwa na tumaini. Yeye alisukumwa na kutotaka kusikia. Alihamisha meza mpaka ukuta wa nyuma, akafanya logi, akafanya milinganyo, akafanya pembetatu mpaka usingizini akaona pembe. Nje walicheka, yeye alihesabu. Kila mawazo yalipomrudisha kwa Dorca, alifungua ukurasa mwingine. Hata alianza kujivunia: kumbe naweza kukaa na kitu kimoja saa tatu! Jumapili zikapita, kumi na moja kwa jumla, na kila moja alikuwa na sababu nzuri, maana sasa alikuwa na mtihani, na mtihani hautaki mtu aliyevurugika.

Januari matokeo yakatoka. C ya wastani, na Hisabati D yenye alama ya kujumlisha. Kwa mtoto wa shule, hiyo si habari, lakini kwa Waithera ilikuwa kama amejifungua pacha. Chuo kitamchukua.

Madam Satwant alivaa miwani, akasoma karatasi mara mbili, akainuka akamshika mikono yote miwili.

"Umeona? Si nilisema mimi? Nilipomwondoa yule mwanamke hapa, akili yako ikatulia. Mtu mmoja mbaya anaweza kukuharibia maisha yote. Wangui atachukua darasa lingine. Beibi klasi ni yako."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, watoto walikuwa wanaimba, Madam alikuwa anatabasamu. Waithera akafungua mdomo.

"Asante, Madam," akasema.

Akatoka amejiahidi: wiki ijayo, furaha ikitulia.

Sasa, siri ya kufuli Maximilla alikuwa ameihifadhi miezi mitano, na kwa Maximilla huo ulikuwa muujiza mkubwa kuliko ile D. Matokeo yalipotoka aliona kazi imekwisha. "Ni mimi niliyemfaulisha!" akawatangazia wateja. "Mnaona kufuli hili? Alikuwa ndani! Saa nane mpaka saa kumi na moja, mnamsema, na yeye yuko ndani kama kuku wa kuatamia!" Nyamasaria nzima ikacheka kwa siku mbili.

Dorca hakucheka. Dorca alihesabu, naye hakuhitaji daftari. Siku ile nilikaa kwenye kigoda. Siku ile nilisema habari ya kazi. Alinisikia. Tangu Agosti amekunywa chai nami, amenishika bega kanisani, na hakusema neno. Mtu anayesikia swali lako akanyamaza hivyo, jibu analo.

Alikoma kuja. Siku ya nne Waithera alibeba mfuko wa sukari na mkate, akavuka barabara kwenda ploti ya Dorca. Ilikuwa alasiri, jua linachoma mabati. Mlangoni, kufuli. Lilikuwa jipya, linang'aa.

Mtu mwingine angegeuka. Yeye ndiye aliyeitumia dawa hiyo kwanza. Akasogea, akasikia redio ndani, taratibu, mtu anasoma matangazo ya vifo.

"Dorca. Mama, najua uko humo."

Redio ikazimwa.

Wanawake waliokuwa wakifua uani wakaacha kufua. Waithera aliwaona, na kwa mara ya kwanza maishani hakutaka watu. Lakini alisema. Akauambia mlango habari ya ofisi ya Madam, neno kwa neno, sababu aliyoitoa na Jumatatu aliyoiahirisha. Mkate ulikuwa umebonyea mkononi.

"Nitamwambia Madam," akamalizia. "Nakuapia, Dorca. Kesho asubuhi naingia ofisini namwambia yote."

Povu likawa linakauka kwenye mikono ya wafuaji. Halafu sauti ya Dorca ikatoka nyuma ya mlango, tulivu, sauti ile ile iliyokuwa ikiwaita watoto waje wachukue uji.

"Mwenyewe hayupo, Mwalimu. Ametoka. Rudi kesho."