Mpinge Hiyo Nusu

Nyumbani naitwa Redio, kwa sababu nikianza kuongea sizimiki. Lakini tangu nije ughaibuni kusoma siasa linganishi, mwaka wa kwanza, nilikuwa bubu. Wenzangu walimwita mhadhiri kwa jina lake la kwanza, wakamkatiza, wakamwambia amekosea huku wanatafuna tufaha. Mzee wa watu, mvi kichwa kizima! Mimi akiniuliza kitu nasimama, nasema, "Ndiyo, Mwalimu," nakaa.

Wiki iliyopita akaniita ofisini. "Somo hili ni la kubishana," akasema. "Jumatatu nitatoa hoja, nawe utaipinga kwa kulinganisha mifano miwili. Ukinikubalia tena, umefeli, na mwaka wa pili huingii."

Hoja yenyewe ilikuwa hii: kiongozi anayechaguliwa miaka nenda miaka rudi bila mpinzani, ujue watu wanamwogopa.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa. Nikaeleza kwamba mtaani kwetu kuna kwaya mbili za akina mama. Umri wao mmoja, kelele zao moja, ukumbi wanatumia kwa zamu. Kwaya ya kwanza hubadilisha mwenyekiti kila mwaka, tena kwa kununiana, maana mwenyekiti ndiye anayeamua nani aimbe peke yake mbele. Ya pili ina mwenyekiti yuleyule tangu nikiwa chekechea, kwa sababu kazi yake ni kufungua ukumbi, kufagia na kuwapigia simu wanaochelewa.

"Nani atagombania ufagio?" nikauliza. Darasa likacheka. Nilisikia raha, acha tu.

"Huyo wa pili unamfahamu?" mhadhiri akauliza.

"Ni mama yangu."

"Basi pengine wanamwogopa mama yako."

Damu ikanichemka. "Hapana, Mwalimu. Umekosea!"

Nikajiziba mdomo. Yeye alikuwa anatabasamu. "Umewauliza?"

Sikuwa nimewauliza. Kwetu ilikuwa jioni, wakati wa mazoezi. Nikapiga simu, nikaweka spika.

"Shikamoo mama. Hebu waulize wenzako, wanakuchagua kwa sababu wanakuogopa?"

"Marahaba. Swali gani hilo?" Akawageukia. "Jamani, mnaniogopa?"

"Hatukuogopi!" wakaitikia kwaya nzima kwa pamoja.

"Mimi namwogopa!" akadakia mmoja kutoka nyuma. "Akinipigia nimechelewa natetemeka. Lakini akiacha yeye, ukumbi atafungua nani? Mimi? Thubutu!"

Huko wakaangua kicheko. Huku darasa lilinikodolea macho. Hakuna aliyejua Kiswahili. Ningemruka yule mama wa nyuma, nani angejua? Nikatafsiri yote, pamoja na kutetemeka.

Mhadhiri akapiga meza kwa furaha. "Hofu ipo!"

"Na ufagio upo!" nikamjibu. Akaja juu, nikaja juu. Wenzangu wakaingilia, wengine kwangu, wengine kwake, na mimi nikawakatiza wote bila haya. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nifike nchi hii.

Simu ilikuwa bado hewani. "Wewe!" mama akaita. "Unamfokea nani hapo?"

"Mwalimu wangu, mama. Ndio mtihani wenyewe, nimpinge."

"Ni mtu mzima?"

"Mzee kabisa."

Nikajiandaa kusemwa mbele ya darasa zima.

"Na amekosea?"

Nikamtazama mhadhiri. "Nusu, mama."

"Basi mpinge hiyo nusu," mama akasema. "Halafu mwambie tunamsalimia."